Kurudisha laptopu mbovu kwa kampuni iliyoitengeneza: nani anachukua, nani analipa, na mashine inaishia wapi

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali moja linazunguka kila grupu la WhatsApp: laptopu yangu haikubali Windows 11, niifanyeje? Na majibu ndo yamezidi kuvuruga watu. Mmoja anasema kampuni zinanunua hata iliyokufa, mwingine anasema ukirudisha ya zamani unapewa mpya, wa tatu anakwambia usithubutu kuwapelekea maana humo ndani kuna dhahabu, wao wanaitoa wewe unaambulia asante. Kila mmoja ana kaukweli kidogo. Tatizo ni kwamba wanaongelea vitu vitatu tofauti wakidhani ni kimoja.

Cha kwanza ni kubadilishana kwa kuongeza hela, kama wauza simu wanavyofanya. Unapeleka ya zamani, wanaikadiria, unapunguziwa bei ya mpya. Hii ni biashara, mashine lazima iwe bado ina bei sokoni. Cha pili ni kuifufua: inasafishwa, inabadilishwa betri au diski, inauzwa tena au inapewa shule. Cha tatu ndo kurejeleza, au kurisaiko kama wengi tunavyosema, yaani mashine inavunjwavunjwa mpaka inabaki chuma, alumini, plastiki na shaba. Hapo hulipwi chochote.

Sasa mpango wa kurudisha kwa mtengenezaji mara nyingi unakuwa na vyote hivyo nyuma ya fomu moja. Unajaza modeli, mwaka, kama inawaka au haiwaki, kioo kizima au kimepasuka, halafu tovuti inakujibu ama ina thamani ya kiasi fulani ama thamani yake ni sifuri ila tutaichukua bure. Apple wanafanya hivyo, na kampuni nyingine kubwa zina mipango inayofanana na hiyo ingawa masharti yanabadilika nchi kwa nchi. Kwa hiyo yule anayesema wananunua na yule anayesema unaambulia asante inawezekana wamejaza fomu ile ile, mmoja ana mashine ya miaka miwili mwingine ana ya mwaka 2011.

Kwa nini kampuni ijisumbue kuchukua takataka bure? Jibu fupi: sehemu nyingi sheria inawalazimisha. Wazo lenyewe lina jina refu, wajibu endelevu wa mzalishaji, na lilipewa jina mwaka 1990 na Thomas Lindhqvist wa Sweden. Linasema hivi: aliyeingiza bidhaa sokoni ana deni nayo hata baada ya wewe kuimaliza. Sisi tumelizoea siku nyingi kwenye kreti la soda. Chupa si yako, umenunua kilichomo, ukimaliza unairudisha dukani na gari la kampuni linakuja kuichukua. Ila mfano huu unaishia hapo hapo, maana chupa inaoshwa inajazwa tena na kampuni inaitaka sana irudi, laptopu iliyokufa haijazwi kitu na kuivunja salama ni gharama tupu. Na chupa umeiwekea hela, laptopu hujaiwekea. Ndo maana kreti linarudi lenyewe bila sheria, laptopu inabaki juu ya kabati miaka minane.

Umoja wa Ulaya uliweka wazo hilo kwenye sheria ya taka za elektroniki mwaka 2002, wakaiandika upya 2012. Ukitaka ushahidi, igeuze laptopu yako sasa hivi uangalie mgongoni. Kati ya vile vialama vidogo utaona pipa la taka la magurudumu limekatwa kwa alama ya X, na chini yake mara nyingi kuna mstari mnene mweusi. Pipa lililokatwa maana yake usitupe na taka za kawaida, na ule mstari unamaanisha bidhaa iliingia sokoni baada ya tarehe 13 Agosti 2005, yaani ni mali ya wakati ambao mzalishaji anawajibika nayo. Wengi tumeishi na hiyo alama bila kuisoma, na hata tukiisoma huku kwetu hilo pipa lenyewe la magurudumu liko wapi.

Kwa ndugu zetu walioko Ulaya hii inawahusu moja kwa moja: ukinunua laptopu mpya, utaratibu wa umoja ule ni kwamba muuzaji apokee ya zamani ya aina hiyo hiyo bila kukutoza, ingawa kila nchi ina namna yake ya kutekeleza. Marekani hakuna sheria ya nchi nzima inayowalazimisha watengenezaji, ni jimbo kwa jimbo. Maine walitunga yao 2004, Texas 2007 wakaitaka kila kampuni ya kompyuta iwe na njia ya bure ya mteja kurudisha mashine ya chapa yake. Kwa hiyo ukiwa Houston, Texas, unaweza kupewa lebo ya posta ya bure, binamu yako aliyeko jimbo lingine akaambiwa kitu tofauti, na wote mnaongelea chapa moja.

Neno bure nalo tuliweke sawa. Hakuna bure hapo. Gharama ya kukusanya na kuvunja imeshaingia kwenye bei ya mashine mpya, wanunuzi wote wanachangia kidogo kidogo bila kuona. Mimi naona ni sawa kabisa, maana njia nyingine ni anayeishi jirani na dampo ndiye alipe, tena alipe kwa mapafu yake.

Tufuate sasa mashine yenyewe baada ya kuipeleka. Kwanza, haiendi kwenye kiwanda kilichoitengeneza. Watu wengi wanadhani Dell wana jengo mahali ambapo Dell za zamani zinarudi kuzaliwa upya. Kampuni inamlipa mkandarasi, na mkandarasi anapokea chapa zote kwenye meza moja. Anapima uzito, anaandika, halafu kazi ya kwanza kabisa ni kutoa betri. Hii haina mjadala, kwa sababu betri ya lithiamu ikiingia kwenye mashine ya kusaga inawaka, na moto wake haukubali kuzimwa kirahisi. Kisha wanatazama skrini. Laptopu za kabla ya 2010 hivi nyingi zina taa nyembamba kama sindano nyuma ya kioo na ndani yake kuna zebaki kidogo, hizo zinatolewa kwa mkono pole pole. Mpya zinatumia LED, hazina shida hiyo.

Baada ya hapo ni bisibisi na watu wenye subira, au ni mashine ya kusaga ambayo inatoa vipande vidogo vidogo, sumaku inavuta chuma, mtambo mwingine unarusha alumini pembeni, plastiki inabaki. Kinachobaki cha thamani ni madabodi, zile bodi kubwa za ndani zenye chipu. Na hapa ndo pana jambo ambalo halisemwi sana: viwanda vingi vya Afrika Mashariki vinaishia kwenye kuvunja na kutenganisha. Kuyeyusha madabodi ili upate dhahabu, fedha, shaba na paladi bila kumwaga sumu hewani kunataka tanuru la mabilioni, na matanuru hayo duniani yako machache, mojawapo kubwa ni la Umicore pale Hoboken, Ubelgiji. Kwa hiyo madabodi kutoka huku yanapakiwa kwenye kontena yanavuka bahari. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusimamia usafirishaji wa taka hatari, unataka taka zote za elektroniki zisafirishwe baada tu ya nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali, ziwe za sumu au zisiwe. Sheria nzuri, imewekwa kuzuia taka za wakubwa kutupwa kwetu, ila makaratasi hayo hayo yanamsubirisha na mtu mwaminifu anayetaka kupeleka madabodi Ubelgiji. Haya mambo hayana malaika.

Na hata tanuru bora haliokoi kila kitu. Tantalamu, ile metali inayotoka kwenye mawe ya koltani ya Rubaya huko Kivu Kaskazini, Kongo, imo kwenye vidude vidogo vya madabodi na kwenye kuyeyusha kwa kawaida inapotelea kwenye takataka za tanuru. Kobalti ya betri ina bahati zaidi, inaweza kurudishwa, na kwa kuwa kobalti nyingi ya dunia inachimbwa Kongo, upande wa Kolwezi ambako Kiswahili ni cha mtaani, kila betri inayofika mahali sahihi ni mawe kidogo ambayo hayakuhitaji kuchimbwa tena. Kidogo, nimesema, msianze kuhesabu.

Tuje kwenye dhahabu maana najua ndo mnayoisubiri. Ipo, ni kweli, kwenye viunganishi na ndani ya chipu, imepakwa nyembamba kupita kiasi. Japani walipoamua medali za Olimpiki ya Tokyo zitengenezwe kwa vifaa chakavu, walikusanya miaka miwili nchi nzima, kuanzia Aprili 2017 hadi Machi 2019. Walipata tani 78,985 za vifaa vidogo vya elektroniki vya kila aina na simu karibu milioni 6.2 juu yake. Dhahabu waliyotoa ni kilo 32. Piga hesabu mwenyewe: ni chini ya nusu gramu kwa tani, na hao wana viwanda vya maana. Mtu anayekuuzia kozi ya kutoa dhahabu kwenye laptopu kwa tindikali nyuma ya nyumba anakuuzia kansa na kidonda cha mkono, hela ya kweli anaipata kwenye ada ya kozi.

Lakini sasa kuna hoja moja ya wenye wasiwasi ambayo nakubaliana nayo. Kwamba kampuni kubwa imepokea mzigo haina maana mzigo umefika salama. Mwaka 2016 shirika la Basel Action Network lilitoa ripoti baada ya kuficha vifuatiliaji vya GPS ndani ya skrini na printa mbovu 200 hivi wakazipeleka kwenye vituo vya kukusanyia huko Marekani. Karibu theluthi moja zilisafirishwa nje ya nchi, nyingi zikaonekana Hong Kong, na kati ya zilizosafiri kulikuwa na zilizokuwa zimepokelewa na mpango wa Dell na Goodwill, shirika la hisani lenye maduka ya mitumba. Kampuni moja ya Seattle, Total Reclaim, iliyokuwa ikijitangaza kwamba haisafirishi taka nje, wenye nayo walihukumiwa miezi 28 jela mwaka 2019 kwa kudanganya wateja, skrini zao za zebaki zilikuwa zinaenda kuvunjwa Hong Kong na vibarua wasio na kinga. Kwa hiyo sifa ya chapa pekee haitoshi. Uliza mkandarasi ni nani, na kama anatoa cheti chenye namba ya mashine yako.

Data. Hapa watu wanafanya makosa mawili yanayopingana. Wa kwanza anafuta mafaili, anamwaga pipa la kompyuta, anaipeleka. Kufuta hivyo kunaondoa jina la faili kwenye orodha ya diski, faili lenyewe mara nyingi linabaki mpaka kije kuandikwa kitu kingine juu yake, na programu za kulirudisha ziko bure mtandaoni. Wa pili anaogopa mpaka anaipiga laptopu nzima nyundo, anaharibu kioo na kibodi vilivyokuwa vizima na anaweza kutoboa betri akajichoma. Njia ya katikati ipo. Kama inawaka, tumia lile chaguo la kuirudisha upya pamoja na kusafisha diski, na kama diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, ndo salama zaidi. Kama haiwaki, fungua mfuniko wa chini. Kwenye laptopu nyingi za miaka ya karibuni diski ni kibao chembamba cha SSD, upana sentimita 2 na ushee, urefu sentimita 8, kimeshikwa na skrubu moja tu. Itoe ubaki nayo. Anayerejeleza haihitaji.

Na jamani, toeni akaunti zenu. Macbook ambayo mwenyewe ameisahau ikiwa imefungwa na akaunti yake haifufuliki hata kama ni nzima kabisa, inaenda kusagwa wakati kuna mwanafunzi angeisomea miaka mitano.

Wanaodhani data ni wasiwasi wa watu wadogo wakumbuke Morgan Stanley. Benki nzima ilikabidhi mashine zake za zamani kwa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyojua kazi ya kuharibu data, baadhi zikauzwa mnadani mtandaoni zikiwa na taarifa za wateja ndani. Walilipa faini ya dola milioni 60 mwaka 2020 na nyingine milioni 35 mwaka 2022.

Sasa turudi nyumbani, na hapa ndo pana fundo lenyewe. Mpango wa kurudisha unategemea kwamba kuna mtu aliyekuuzia ambaye kampuni inamtambua. Laptopu nyingi tunazotumia zilikuja zikiwa zimetumika, zinaitwa za UK hata kama zimetoka Dubai, zimepita ofisini huko miaka minne, zikapita kwa mwagizaji, zikapita Kariakoo ya Dar au mtaa wa Luthuli wa Nairobi, zikakufikia wewe. Mnunuzi wa kwanza kule Manchester alishalipia gharama ya kuirejeleza ndani ya bei. Hela hiyo haikupanda meli. Mashine imekuja, hela ya kuizika imebaki. Hili linaniudhi kuliko mengine yote humu, na sijaona mpango wa kampuni unaolijibu.

Kenya wamejaribu kulishika kwa njia ya mwagizaji. Kanuni zao za wajibu wa mzalishaji zilizotoka Novemba 2024, chini ya sheria ya taka ya 2022, zinamhesabu anayeingiza bidhaa nchini kama mzalishaji, awe ameitengeneza au hajaitengeneza. Watu wengi wanazichanganya na ule ushuru wa mazingira, eco levy, uliokuwa kwenye Muswada wa Fedha wa 2024 ambao Rais Ruto aliukataa tarehe 26 Juni baada ya maandamano. Ni vitu viwili. Ushuru ule ulikuwa kodi ya kuingia serikalini, wakati wajibu wa mzalishaji unataka waagizaji wenyewe wagharamie kukusanya na kurejeleza. Kama utatekelezwa vizuri tutaona, ila angalau jueni mnacholalamikia. Tanzania nayo ina kanuni za taka za umeme na elektroniki tangu 2021.

Mahali pa kupeleka papo, hata kama si pengi. Nairobi kuna WEEE Centre, kilichozaliwa ndani ya Computers for Schools Kenya, wale waliokuwa wanafufua kompyuta za ofisi kwa ajili ya shule. Rwanda wana kiwanda pale Bugesera kinachoendeshwa na Enviroserve. Hawa wanapokea chapa yoyote, hawakuulizi risiti ya HP. Kwa mtu wa huku hiyo ina maana kuliko kupoteza usiku kwenye tovuti ya kampuni ukitafuta fomu ambayo ukichagua nchi yako inakwambia huduma haipatikani.

Kabla hujafika huko lakini, je, imekufa kweli? Sehemu kubwa ya madhara ya laptopu kwa hewa inatokea wakati wa kuitengeneza, wewe hujaiwasha hata mara moja. Kuichelewesha kufa miaka mitatu kunasaidia kuliko kuirejeleza vizuri leo. Ile ambayo Windows 11 imeikataa kwa sababu ya prosesa ya kizamani au kukosa TPM, ile chipu ya usalama, haina ubovu wowote, inakubali mifumo mingine ya bure kama Linux Mint na ChromeOS Flex, na ukiitoa diski ya kuzunguka ukaweka SSD utashangaa mwenyewe. Fundi wa mtaani anafanya hiyo kazi wakati unakunywa chai. Na hata iliyokufa kabisa yeye anaijua zaidi ya kiwanda: kioo anakihifadhi, kibodi anaiuza, kwenye betri za zamani anatoa zile seli za duara anazipima moja moja kwa mita na nzima zinaenda kuwasha tochi na redio. Huyu anarejeleza tangu kabla neno halijafika kwenye semina. Anachokosa ni mtu wa kumpokea mabaki, maana akishatoa vya maana, madabodi na mabaki ya betri yanaenda kwa mtu wa skrepa, na mtu wa skrepa anachoma waya apate kopa na vilivyobaki vinaishia mtaroni.

Ndo maana mimi ningependa pesa ya waagizaji ifike kwenye kibanda cha fundi kwanza, alipwe kwa kilo ya kile asichokihitaji, kabla ya kujenga vituo vya kupokelea vyenye rangi nzuri ambavyo hakuna anayepita. Ripoti ya dunia ya taka za elektroniki ya 2024 ilionyesha mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 na asilimia 22.3 tu ndo ilijulikana imekusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa, kwa Afrika haikufika hata asilimia 1. Hiyo namba ya Afrika haihesabu kazi ya fundi hata kidogo.

La mwisho ni la haraka na si la kusubiri sera. Kama tachipedi ya laptopu yako imeinuka, au mfuniko hautaki kufunga sawasawa na mashine inayumba ukiiweka mezani, hiyo ni betri imevimba. Acha kuichaji leo. Usiitoboe kupunguza upepo, usiifungie kabatini na nguo, na usimpe mtu wa skrepa bila kumwambia. Iweke mahali pakavu mbali na vinavyoshika moto, juu ya sakafu ya saruji au kwenye ndoo ya mchanga mkavu, fundi aitoe, na ukiipeleka kituoni waambie mlangoni kabla hawajairusha kwenye rundo.